GDF15: Protini Iliyo Nyuma ya Kichefuchefu cha Mimba na Kukonda kwa Saratani

Mwanamke mwenye mimba changa akianza kutapika, maelezo hayakosekani. Shangazi atasema mimba imemkataa mume, ndiyo maana harufu ya shati lake tu inamkimbiza mama uani. Jirani atasema anadeka. Tusiharakishe kuwacheka, kwa sababu madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuwa mbali nao. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 wapo walioandika kwamba mama anayetapika kupita kiasi huenda moyoni haitaki mimba yake, na baadhi ya wagonjwa walilazwa huku wamezuiwa kuonana na jamaa zao, eti hiyo ndiyo tiba.

Jibu lenye ushahidi limekuja juzijuzi tu, na linahusu protini moja iitwayo GDF15. Ajabu yake ni kwamba protini hiyohiyo huonekana kwa wingi katika damu ya mgonjwa wa saratani anayekonda, ya mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, ya mzee wa miaka 80, na ya mwenye kisukari anayemeza metformini kila siku. Ndiyo maana ukisoma habari zake utakuta inaitwa kiashiria cha ugonjwa, na aya inayofuata inaitwa shabaha ya dawa, kana kwamba ni sifa moja yenye majina mawili. Sivyo, na tofauti hiyo ikieleweka, mengi mengine yanajipanga yenyewe.

Kiashiria ni kitu unachokipima ili ujue jambo fulani: ugonjwa upo au haupo, umefikia wapi, dawa inasaidia au haisaidii. Hakilazimiki kuwa ndicho kinachomuumiza mgonjwa. Wanaume wengi wanaijua PSA, protini inayopimwa kwenye damu wakati wa kuchunguza saratani ya tezi dume. Ikipanda inatia shaka, lakini dawa za kawaida za saratani hiyo hazifanyi kazi kwa kuizuia PSA yenyewe. Shabaha ni kitu kingine: ukikizuia au ukikichochea, mwendo wa ugonjwa unabadilika. Zipo protini chache zenye sifa zote mbili. Maarufu zaidi ni HER2 katika saratani ya matiti. Uvimbe hupimwa kwanza uonekane kama una HER2 nyingi, na mwenye nazo ndiye anayepewa trastuzumabu, dawa inayoikamata HER2 hiyohiyo, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1998. Swali kuhusu GDF15 ni kama nayo itafika huko.

Iligunduliwa Sydney, Australia, na kundi la Samuel Breit, lililochapisha kazi yake mwaka 1997. Walikuwa wakichunguza makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu wa mwilini, wakaipa jina la MIC-1. Watafiti wengine waliikuta kwingine wakaipa majina mengine, na kwa muda kila maabara ilikuwa na GDF15 yake isiyojua kwamba ndiyo ya jirani. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Protini iliyokamilika ni ndogo, ina amino asidi 112, na huzunguka kwenye damu ikiwa imeungana na pacha wake.

Mtu mzima mwenye afya anayo kidogo sana, kwa kawaida mamia machache ya pikogramu katika kila mililita ya damu, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kiasi hicho hupanda pale seli zinapopata taabu. Mitokondria zikishindwa kuzalisha nishati, protini zikikwama bila kukunjwa sawasawa, sumu ikiingia, tishu ikikosa damu, seli huwasha mfumo wake wa dharura, na mojawapo ya mambo ambayo mfumo huo huyafanya ni kuiamuru jeni ya GDF15 ifanye kazi. Protini inatengenezwa, inamwagwa nje ya seli, inaingia kwenye damu. Mbiu ya mgambo ikilia, wahenga walisema, ina jambo. GDF15 ni mbiu ya namna hiyo, na udhaifu wake ni uleule wa mbiu: ukiisikia unajua kuna jambo, hujui ni moto, ni mwizi au ni mkutano wa kijiji.

Huo udhaifu ndio unaoisumbua kama kiashiria. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mwenye GDF15 nyingi yuko hatarini zaidi kuliko mwenye kidogo, iwe ana ugonjwa wa moyo, figo, ini au saratani. Hupanda kwa umri, kwa uvutaji wa sigara, kwa maambukizi makali, hata kwa mazoezi mazito. Mgonjwa wa kisukari akipimwa na namba ikatoka juu, huenda ni vidonge vyake tu, maana metformini huipandisha. Sasa daktari afanye nini na namba kama hiyo? Akiambiwa tu kwamba mgonjwa wake ana hali mbaya, mara nyingi alishaliona hilo kwa macho.

Inafaa zaidi pale swali linapokuwa jembamba. Kwa wagonjwa ambao mapigo ya moyo wao hayana mpangilio na wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha mwaka 2016 kipimo cha kukadiria hatari ya kutokwa damu nyingi, na GDF15 imo ndani yake pamoja na umri, hemoglobini, troponini (protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia) na historia ya kutokwa damu. Katika magonjwa ya kurithi ya mitokondria pia imeonekana kuwa na manufaa, kwa sababu dalili za magonjwa hayo hutawanyika mwili mzima na madaktari huhangaika muda mrefu kuyatambua. Hapo kipimo kimoja cha damu kinaweza kumfanya mtu aanze kuutafuta ugonjwa ambao hakuuwazia.

Kuna na shida ya vipimo vyenyewe. Mashine hutambua GDF15 kwa kutumia kingamwili zinazoishika. Watu wengi duniani wamerithi aina ya GDF15 ambayo amino asidi yake moja, ile ya nafasi ya 202 (ikihesabiwa kwenye protini ndefu kabla haijakatwa kubaki na zile 112), ni tofauti na ya wengine. Baadhi ya vipimo huishika aina hiyo vibaya na kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Kwa maoni yangu hili ni jambo la kukaziwa macho na yeyote atakayeleta kipimo hiki katika hospitali zetu, kwa sababu Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijeni duniani, na kipimo kilichosahihishwa kwa damu ya watu wa Ulaya hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo.

Kwa hiyo kama kiashiria ina mipaka. Kama shabaha, hadithi ni nyingine kabisa.

Kwa miaka 20 hivi hakuna aliyejua GDF15 inaongea na nani. Protini za aina hii haziingii ndani ya seli kufanya kazi. Hugonga kipokezi kilicho juu ya seli, na kipokezi ndicho kinachopeleka habari ndani. Walioitafuta walianza na vipokezi vya jamaa zake, kwa kuwa GDF15 ni ya ukoo mkubwa wa TGF-beta, na baadhi walipotezwa na protini za majaribio ambazo hazikuwa safi. Mwaka 2017 makundi manne, ya kampuni za dawa za Eli Lilly, Novo Nordisk, Janssen na NGM, yalitangaza karibu wakati mmoja jibu lilelile: kipokezi kinaitwa GFRAL, nacho hufanya kazi kwa kushirikiana na kingine kiitwacho RET. Panya aliyeondolewa GFRAL, hata akidungwa GDF15 nyingi, anaendelea kula kama kawaida.

Kilichowasisimua wataalamu wa dawa ni mahali kipokezi hicho kilipo. Vipokezi vingi vimetapakaa mwilini, na ukikizuia kimoja kwa ajili ya figo unajikuta umegusa moyo na ngozi. GFRAL imeonekana karibu katika sehemu moja tu, upande wa nyuma wa ubongo chini kabisa, ambapo kuta za mishipa midogo ya damu zimeachwa wazi kidogo kuliko kwingine ubongoni. Sehemu hiyo huonja damu. Ikikuta sumu, huleta kichefuchefu, hukata hamu ya kula, na ikibidi humfanya mtu atapike. Ni kinga ya zamani sana: mnyama aliyekula kitu kibaya akitoe, kisha asikirudie.

Kuthibitisha kwamba GDF15 huleta kichefuchefu hasa, na siyo shibe ya kawaida, kulihitaji ujanja, kwa sababu panya hawawezi kutapika. Lakini panya mwenye kichefuchefu ana tabia yake: hula udongo mweupe wa kaolini. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba panya waliopewa GDF15 waliuendea udongo huo, na kirukanjia, ambaye anaweza kutapika, alitapika. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atakuwa ameshawaza udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Sisemi kwamba sababu ni hiyohiyo, kwani hamu ya udongo kwa binadamu ina mambo mengi ndani yake, lakini mfanano huo si rahisi kuupita bila kugeuka.

Turudi kwa mgonjwa wa saratani. Wengi wetu tumemwona ndugu akiisha mwili wiki kwa wiki, chakula kimeandaliwa, uji umetiwa karanga, na yeye anageuza uso. Familia humbembeleza, kisha humlaumu. Kukonda huku si njaa tu, maana misuli huyeyuka hata kwa anayejitahidi kula, na humfanya mgonjwa ashindwe kuvumilia dawa za saratani zenyewe. Mwaka 2007 kundi la Sydney lilionyesha kwamba panya wenye uvimbe unaotoa GDF15 hukonda kwa kuacha kula, na wakipewa kingamwili inayoikamata protini hiyo hurudisha uzito. Baadhi ya dawa za saratani, kama sisplatini, nazo huipandisha, kwa hiyo mgonjwa huipata kutoka kwa ugonjwa na kutoka kwa tiba.

Jaribio lililokuja kuleta uzito kwa binadamu lilichapishwa mwaka 2024. Dawa inaitwa ponsegromabu, kingamwili ya kampuni ya Pfizer inayodungwa chini ya ngozi kila baada ya wiki 4. Walishiriki wagonjwa 187 wenye saratani ya mapafu, kongosho au utumbo mpana waliokuwa wakikonda. Sharti la kuingia, na hapa ndipo mambo yetu mawili yanapokutana, lilikuwa kuwa na GDF15 ya pikogramu 1,500 au zaidi kwa mililita. Kipimo kiliamua nani apewe dawa, na dawa ikaenda kukikamata kitu kilekile kilichopimwa. Baada ya wiki 12, waliopewa dozi kubwa ya miligramu 400 walikuwa wamewazidi waliodungwa sindano isiyo na dawa kwa kilo 2.81 za uzito. Hamu yao ya kula iliongezeka na walijishughulisha zaidi.

Kilo 3 kasoro si nyingi kwa mtu mwenye afya. Kwa mtu aliyekuwa akishuka kila wiki, kuanza kupanda ni jambo kubwa. Hata hivyo dawa haitibu saratani, na jaribio lilikuwa la hatua ya pili, la muda mfupi. Lakini swali la awali limejibiwa kwa njia pekee inayoweza kulijibu: GDF15 ilizuiwa na hali ya mgonjwa ikabadilika. Kiashiria tupu hakifanyi hivyo.

Kwa upande wa pili, kampuni zilizokuwa zikitafuta dawa ya unene ziliitazama protini hiyohiyo kwa jicho la kinyume. Kama inakata hamu ya kula, kwa nini tusiwape wanene? Eli Lilly walitengeneza aina inayodumu mwilini na kuijaribu kwa watu. Uzito ulipungua kidogo tu, na kichefuchefu na kutapika vikawafuata. Ukijua kazi ya sehemu ile ya ubongo, hilo halishangazi.

Sasa mimba. Kondo la nyuma hutengeneza GDF15 kwa wingi usio na mfano mahali pengine mwilini, na damu ya mjamzito hufikia makumi ya maelfu ya pikogramu kwa mililita. Zaidi ya nusu ya wajawazito hupata kichefuchefu. Wachache, kati ya 3 kwa 1,000 na 3 kwa 100, hupata ile hali kali ya kutapika mpaka maji ya mwilini yanaisha na uzito unaporomoka. Catherine, mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, aliipata katika mimba zake zote tatu, na ndipo vyombo vya habari vilipoanza kuichukulia kwa uzito.

Marlena Fejzo, mtaalamu wa jeni wa Marekani ambaye mwenyewe alipoteza mimba kwa hali hiyo mwaka 1999, alichapisha na wenzake mwaka 2018 uchunguzi wa jeni za maelfu ya wanawake. Jeni iliyojitokeza kwa nguvu zaidi ilikuwa GDF15. Mtu angedhani maelezo ni mepesi: wanaotapika sana wana GDF15 nyingi. Kweli walikuwa nayo kwa wastani nyingi kidogo, ila namba zao zilipishana na za wengine kiasi kwamba kwa kipimo pekee usingeweza kumtambua mgonjwa. Halafu kikaja kitendawili. Mabadiliko ya kijeni yaliyowaweka wanawake hatarini yalikuwa yale yanayopunguza GDF15 katika damu ya mtu asiye na mimba. Moja, lililo adimu, liliongeza hatari mara 10 au zaidi. Iweje mwenye kidogo ndiye ateseke?

Ufumbuzi ulitoka Desemba 2023 katika jarida la Nature, kazi ya pamoja ya Fejzo na kundi la Stephen O'Rahilly wa Cambridge. Kwanza walitaka kujua GDF15 iliyomo kwenye damu ya mama ni ya nani. Ile tofauti ya amino asidi ya 202, inayosumbua mashine za maabara, hapa ikawa msaada: mama akiwa na aina moja na mtoto amerithi nyingine kwa baba, unaweza kuzitenganisha. Karibu yote ilikuwa ya upande wa mtoto. Mzigo, basi, unatoka kwenye kondo, na kinachowatofautisha akina mama ni jinsi ubongo wao ulivyozoea. Aliyeishi miaka yote na GDF15 kidogo huwa na ubongo mwepesi wa kushtuka, na mimba inapoimwaga ghafla anaugua. Aliyekuwa nayo nyingi tangu awali, huenda asihisi kitu.

Ushahidi wa upande huo wa pili ulipatikana kwa wanawake wenye beta-talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi unaofahamika vizuri Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wao huishi na GDF15 nyingi maisha yao yote, na walipoulizwa kuhusu mimba zao, waliosema walipata kichefuchefu walikuwa wachache mno kuliko wanawake wengine. Panya nao, waliozoeshwa kwanza kwa kiasi kidogo kinachodumu, hawakuacha kula kama wenzao walipopewa kiasi kikubwa baadaye.

Hili ndilo jambo ninaloliona la maana kuliko yote katika kisa cha GDF15, na halihusu mimba peke yake. Tumezoea kwamba kipimo cha damu kina mstari mmoja, juu yake ni mgonjwa na chini yake ni mzima. Hapa namba moja kwa wanawake wawili ina maana mbili, kwa sababu kinachoumiza ni umbali kati ya walipokuwa na walipofika. Ungehitaji kumpima mama kabla hajashika mimba, na nani hufika kliniki kabla ya hapo?

Tiba zinazofikiriwa zinafuata njia mbili. Ya kwanza ni kuikamata GDF15 au kuziba GFRAL wakati wa mimba. Inaonekana ya moja kwa moja, lakini dawa ya kichefuchefu cha mimba ina historia inayotisha. Thalidomidi iliuzwa kuanzia Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa sokoni humo mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyoharibika. Kwa sababu hiyo kila jaribio kwa wajawazito hupita kwenye tundu la sindano, na inavyostahili. Njia ya pili ni kuuzoesha ubongo mapema, na hapa ndipo metformini inaporudi: dawa ya bei nafuu, iliyo katika karibu kila duka la dawa Afrika Mashariki, inayopandisha GDF15 taratibu. Wazo ni kwamba mwanamke aliyewahi kuugua vibaya, na anayepanga mimba nyingine, aitumie kwa muda kabla ya kushika mimba.

Hilo bado ni wazo la majaribio, na linahitaji onyo moja. Nguvu yake, kama ipo, iko kabla ya mimba. Anayetapika tayari akimeza metformini kwa sababu amesikia habari hii anaongeza mbiu juu ya mbiu, na dawa yenyewe hujulikana kwa kusumbua tumbo. Kwa sasa mama ambaye maji hayakai tumboni kwa siku nzima, anayekojoa kidogo na mkojo mzito, au anayesikia kizunguzungu akisimama, anahitaji hospitali: dripu, dawa za kuzuia kutapika zilizozoeleka kwa wajawazito, na vitamini B1, ambayo hutakiwa kutangulia dripu yenye glukosi ikiwa ametapika kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ubongo uliokosa vitamini hiyo unaweza kudhurika sukari inapoingia.